Besi wa Kwaya Ndani ya Chumba cha Karaoke

Ukikaa Japani muda wa kutosha, ipo siku utashikishwa maiki. Itakuwa baada ya chakula cha jioni na watu wa kazini, tai zimelegezwa, mmoja ameshakimbia kuulizia chumba, na macho yote yako kwako wewe mgeni. Wageni wengi hapo hujiokoa na wimbo wa Kiingereza. Wanaimba, wanapigiwa makofi, yanaisha. Mimi njia hiyo haikunikaa. Nilitaka nyimbo zao wenyewe, tena zile ngumu, zinazoanzia chini kwenye mnong'ono na kupanda hadi mahali ambapo mwanamume mzima anasimama kwa ncha za vidole huku mishipa ya shingo imemtoka.

Nimekulia kwenye kwaya, mstari wa nyuma pamoja na besi wenzangu, tukisoma do-re-mi ubaoni. Besi wa kwaya ana raha zake: noti zake hazirukiruki, na ukiteleza kidogo wenzako wanakufunika. Kwenye chumba cha karaoke hakuna wa kukufunika. Na nyimbo za Kijapani zinazovuma miaka hii, aliyezitunga hakuwa anamfikiria besi hata kidogo.

Kwa upande wa ulimi, Mswahili ana bahati. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na karibu kila silabi inaishia na irabu. Sakura, kokoro, namida: nani atakwama hapo? Skrini nayo inasaidia, kwa sababu juu ya kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, huwa wameandika kana ndogo za matamshi, herufi za silabi, kwa hiyo ukishajua hiragana na katakana unaweza kuimba wimbo mzima ambao nusu ya maneno yake huyaelewi. Kazi iko kwenye wingi. Karibu kila kana inadai noti yake, na mtunzi wa siku hizi anakumwagia mstari mzima wa kana kwenye pumzi moja. Halafu irabu zenyewe hazilingani zikifika juu. A inafungua koo. I na U zinalibana, na mara nyingi utakuta mtunzi ameiweka I palepale kwenye noti ya juu kuliko zote. Dawa yake ni kuilegeza ielekee E kidogo. Msikilizaji hatagundua, na koo litapata nafasi.

Karaoke yenyewe ilianza kwa kumhurumia mwimbaji. Inoue Daisuke alikuwa mpiga ala wa vilabu vya usiku mjini Kobe, kazi yake ikiwa kuwapigia wateja muziki ili waimbe wao. Mteja wake mmoja, mkuu wa kampuni, alitaka afuatane naye kwenye safari ya chemchemi za maji moto akampigie huko. Inoue hakuweza kwenda, akamrekodia kanda ya muziki mtupu inayoendana na uimbaji wake. Mwaka 1971 akatengeneza mashine 11 za kutumbukiza sarafu, hakuzikatia hataza, na dunia nzima ikajichukulia. Wapo wanaosema wa kwanza ni Negishi Shigeichi wa Tokyo, aliyetengeneza mashine yake mwaka 1967. Negishi alifariki Januari 2024, na ubishi huo sitauingilia. Ninachokitaka mimi ni ile kanda: muziki ulimfuata mtu, siyo mtu kuufuata muziki.

Leo kumfuata mtu ni kazi ya kitufe. Tangu mwaka 1992 zilianza kuja mashine ambazo nyimbo zake hazikai kwenye kanda wala diski. Zinafika kwa waya zikiwa data ya noti, na mashine inazipiga yenyewe papo hapo. Moja ya mitambo miwili mikubwa, JOYSOUND, ni ya kampuni iitwayo Xing, ya hapahapa Nagoya ninapoishi, nayo iko chini ya Brother. Naam, Brother ile ile ya cherehani. Mtambo wa pili ni DAM, wa Daiichi Kosho. Kwa kuwa muziki ni data, kupandisha au kushusha kii, yaani kimo cha wimbo mzima, ni kubonyeza tu, na kila ukibonyeza inasogea nusu toni.

Lakini nenda ukaone watu wanavyokitazama kitufe hicho. Kuimba kwa genkī, yaani kii ileile ya msanii mwenyewe, ni heshima, hasa kwa vijana wa kiume. Anayeshusha anashusha kimyakimya, kidole kimoja kwenye rimoti, uso umemgeukia jirani kana kwamba wanazungumzia kitu kingine. Skrini haina siri: pembeni inaandika umeshusha ngapi. Nimemwona kijana akiimba genkī mpaka sauti ikamkauka kabla ya korasi ya pili, naye akakaa chini ameridhika kabisa. Mimi naona ni kiburi kisicho na faida. Muasisi mwenyewe alianza kwa kumpimia mteja wake.

Wapenzi wa karaoke wana hesabu yao ya noti, na ukitaka kuwaelewa lazima uijue. hiA ni ile A ya hezi 440 ambayo wapiga ala huitumia kulinganisha vyombo. Oktavu, ngazi nzima kama ya do hadi do, iliyo chini yake inaitwa mid2, inayofuata chini ni mid1, na chini zaidi ni low. Juu ya hi kuna hihi, huko tuwaachie wenyewe. Mwanamume wa kawaida anayeimba kwa sauti ya kifua, wao wanaiita jigoe, huanza kupata tabu kati ya mid2E na mid2G. Nyimbo nyingi za wanaume zinazovuma sasa zinapita hapo bila hodi. Ndiyo maana utawasikia wanafunzi wakibishana kwenye treni kama wimbo fulani unafika hiC kweli, au hiC yenyewe ni ya uragoe, sauti ya kichwa, kwa hiyo isihesabiwe.

Sasa kitufe cha kii kinautibu wimbo ulio juu. Wimbo ulio mpana hakiuwezi, na hili ndilo watu hawalitazami. Tuseme kuna wimbo wa mwanamke unaoanzia mid1F hadi hiE, nusu toni 23, oktavu mbili kasoro kidogo. Sauti yangu ya kifua inaishia mid2F, tena siku ikiwa njema. Nikiuacha wimbo palepale, ubeti nauimba vizuri, korasi inanitupa nje. Nikiimba oktavu nzima chini, korasi inanikaa sawasawa, lakini ubeti unashuka hadi lowF, ambako maiki haipati kitu ila pumzi. Nikishusha kii tano naangukia katikati: ubeti una uhai, korasi bado inagota hiB. Bonyeza utakavyo, upande mmoja utabaki nje. Kwa hiyo inabidi uamue mwenyewe sehemu ipi utaiimba kwa sauti ipi, na wapi utavuka kutoka moja kwenda nyingine. Uamuzi huo hauko kwenye rimoti.

Upana huu umejengwa ndani ya muundo wa nyimbo zenyewe. Wajapani wanaugawa wimbo kwa majina: A-mero ni ubeti, B-mero ni ngazi ya kupandia, sabi ni korasi. A-mero hukaa chini karibu na mazungumzo, B-mero inakaza kamba, sabi inapasuka, na ukidhani umemaliza, sabi ya mwisho mara nyingi inapandishwa kii. Ukiongeza na waimbaji wa kiume ambao falseto, ile sauti ya kichwa, wanaitumia kama chakula cha kila siku, upana unakuja wenyewe.

Nina dhana yangu nyingine, na nitaisema kama dhana. Mwaka 2007 kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo ilitoa Hatsune Miku, sauti ya kompyuta inayoimba chochote utakachoiandikia. Vijana wengi walijifunzia utunzi hapo. Mwimbaji na mtunzi Yonezu Kenshi alianza huko akijiita Hachi; Ayase, mtunzi wa kundi la YOASOBI, alipitia huko pia. Miku hapumui. Hachoki, hasafishi koo, na ukimwambia aruke oktavu katikati ya neno anaruka. Mtu aliyejifunza kazi kwa mwimbaji wa namna hiyo, siku akimwandikia binadamu wimbo, ataacha nafasi ya kupumua wapi? Wimbo wa YOASOBI wa mwaka 2023, "Idol", ambao ulikuwa wa kwanza wa Kijapani kushika namba moja kwenye chati ya dunia ya Billboard isiyohesabu Marekani, unabadilisha kii mara kwa mara utadhani mtu anahama nyumba. Ule mimi siugusi. Nawaachia wenye mapafu.

Usidhani lakini ni mambo ya vijana peke yao. Mwaka 1979 kundi la Crystal King lilitoa "Daitokai", na ukitaka kumfurahisha Mjapani wa makamo, uweke huo. Unaanza na ukelele wa juu kabisa, hapo hapo, koo bado la baridi. Siri yake ni kwamba waliuimba watu wawili: Tanaka Masayuki alibeba juu, na mwenzake mwenye sauti nzito akabeba chini. Peke yako kwenye maiki unatakiwa kuwa wote wawili. Huyo Tanaka, mwaka 1989, mpira wa besiboli ulimpiga kooni, na sauti ile ya juu haikuwa tena kama zamani. Nikiufikiria wimbo huo, habari hiyo hunijia kabla hata ya mahadhi yake.

Huu ndio wimbo ambao dada mmoja wa Mombasa, anayesoma hapa Nagoya, alinisimamisha nao katikati. Yeye nyumbani alizoea kuimba taarabu kwenye harusi, na sikio lake halina huruma. Tulikuwa wanne chumbani, mimi nikiwa kwenye B-mero, uso umewiva. Akabonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Kaka, hebu ngoja. Wewe wapanda na besi yako yote."

"Sasa niiache wapi?"

"Litue gunia hapo chini, upande mikono mitupu. Ubeti wauimba kwa nguvu za nini? Nani akufukuzaye?"

Wengine walicheka, mimi nikanywa maji. Lakini alichokisema ndicho kila mwanamume mwenye sauti nzito anapaswa kukisikia kabla hajagusa nyimbo hizi. Tunadhani ugumu uko kwenye noti ya juu kwa sababu ndiko sauti inakopasukia. Mara nyingi kosa limeshafanyika mistari minane nyuma. Ukiimba A-mero kwa kifua chote, kishindo cha kwaya, unafika B-mero koo limekaza, pumzi umeshaitumia, na uzito ule ule unataka kuusukuma kupita mid2F. Hauendi. Ama unapiga kelele, ama sauti inakatika vipande viwili.

Sikiliza waimbaji wao wenyewe wanavyofanya chini. Wanaongea tu. Sauti nyembamba, imesogezwa mbele ya mdomo, karibu na meno, hata kama ni noti ambayo besi angeingurumisha. Kisha kwenye B-mero wanaipunguza zaidi badala ya kuiongeza, wakati muziki ndio unapanda. Hapo ndipo besi wa kwaya anapoteseka, kwa maana mafunzo yake yote yanamwambia muziki ukipanda naye apande. Wanapofika sabi sauti imekuwa nyepesi kiasi kwamba inavuka kwenda kwenye ile wanayoiita mikusu boisu, sauti ya mchanganyiko, si kifua kitupu wala si kichwa kitupu. Nguvu unayoisikia kwenye rekodi ni maiki, ni ngoma, ni magitaa. Mwimbaji mwenyewe hajakaza unavyodhani.

Wimbo ulionifundisha kuvuka ni "Hakujitsu" wa bendi ya King Gnu, wa mwaka 2019. Mwimbaji wao Iguchi Satoru, aliyesomea uimbaji Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, anauanza kwa falseto kutoka mstari wa kwanza. Hakuna pa kujificha. Watu wanaogopa urefu wake, lakini urefu wa falseto mwanamume yeyote anao, hata besi. Sisi besi wakati mwingine tunao mwingi tu, ila hatukuutumia tangu utotoni. Kigumu ni kurudi. Ndani ya sentensi hiyo hiyo unatakiwa kutoka kichwani kushuka kifuani bila mlango kugonga. Zoezi langu ni la kijinga na linafaa: naanza U juu kwa falseto, nateremka polepole bila kuikata, na pale inapotaka kupasuka napunguza sauti badala ya kukaza. Nalifanya nikiwa naosha vyombo. Jirani ameshazoea, au amekata tamaa.

Mashine nayo ina maoni yake. Ukiwasha kipimo cha alama, juu ya skrini zinapita pau za noti, na sauti yako inachorwa juu yake; ukilenga, pau inajaa rangi, ukitikisa sauti vizuri kinatokea kialama cha kumetameta. Mwisho unapewa alama na kuonyeshwa wastani wa nchi nzima kwa wimbo huo, ili uchungu ukamilike. Ni mwalimu mzuri wa kulenga noti, na nimejirekebisha mengi kwa kuitazama. Ila ujue isichokisikia. Kipimo cha DAM kinaikubali noti hata ukiimba oktavu nyingine. Mtu anayejinyonga na mtu anayeimba kwa raha, wakigusa noti ile ile kwa wakati ule ule, pau inajaa sawa. Ndiyo maana chumba kizima kinaweza kukunja uso na mashine ikatoa 90. Mimi nikitaka kujua ukweli nazima mwangwi wa maiki, najirekodi kwa simu, na naisikiliza kesho yake. Si jambo la kupendeza.

Mazoezi ya nyimbo hizi hayafanywi mbele za watu. Japani wana hitokara, karaoke ya mtu mmoja, na hakuna anayekushangaa mapokezini ukisema uko peke yako. Mchana wa siku za kazi bei ni nafuu, chumba ni kidogo, kuna sofa, matari mawili ya plastiki, na skrini inayoonyesha wapenzi wakitembea ufukweni hata kama wimbo unahusu mtu kufukuzwa kazi. Huko unaweza kuimba mstari mmoja, ukaukata, ukaurudia, ukajaribu kii tatu tofauti bila kumchosha mtu. Anza na wimbo mfupi wa katikati, siyo ule mgumu. Mgumu uweke koo likishapata moto, kisha weka wa chini upumzike. Kwenye mashine ya vinywaji chagua maji ya kawaida yasiyo na barafu. Chai ya oolong waimbaji wa hapa wanaikwepa, wanasema inakausha koo. Ukweli wa hilo siubishii, naifuata tu. Na ukianza kukwaruza, toka. Hakuna wimbo wenye thamani ya wiki nzima ya sauti iliyokwama.

Kwa sasa tuko kwenye nyimbo za MISIA, mwimbaji wa kike wa Kijapani, mimi na yule dada. Waafrika Mashariki wengine wanamfahamu si kwa nyimbo: amekuwa akifika Kenya tangu 2007 na kuisaidia shule ya Magoso kule Kibera, na mwaka 2013 alikuwa balozi wa heshima wa TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, uliofanyika Yokohama. Alipotoka mwaka 1998 watu walishangazwa na sauti yake ya mluzi, noti zilizo juu kuliko falseto yenyewe. "Everything", wimbo wake wa mwaka 2000, hauna mluzi huo, lakini una kitu kigumu kuliko kasi: ni wa polepole. Kila noti inakaa muda wa kutosha kwa mtu kuikagua. Dada anauimba genkī. Mimi nashusha, na ubeti wa kwanza nauimba karibu na kunong'ona, na bado yeye anasema besi inachungulia.

Dakika kumi kabla ya muda kwisha, simu ya ukutani inalia, mhudumu anauliza kama mnaongeza. Hapo ndipo watu wanapofanya uamuzi wa ajabu: wakiwa wamechoka, koo limekauka, wanakubaliana wote kwamba wimbo wa mwisho uwe ule mgumu kuliko yote, genkī, kwa pamoja. Waache waimbe. Wakimaliza na zikibaki dakika tatu, mimi huweka enka, wimbo wa mtindo wa zamani wa wazee, mapana yake madogo, madoido yake mengi, halafu nashusha kii nne huku wote wananitazama.